Ukuta Uliofika Magotini

Maalim hakuwa mtu wa kukaa. Wazee wenzake wa Ujiji waliketi barazani asubuhi na kahawa na kashata zao. Yeye alipokea kikombe, akapiga funda moja, akaondoka nacho. Muuza kahawa alishazoea kumfuata mtaa wa pili kudai kikombe chake. Darasani ilikuwa vilevile. Alitusomesha huku akizunguka, mikono mgongoni, nasi tulioketi mkekani tulizifahamu ndara zake kuliko uso wake. Ndara zikienda taratibu, unasoma bila wasiwasi. Zikisimama nyuma yako, umekosea.

Nilianza kuzisikia ndara hizo nikiwa na miaka saba. Sasa nina arobaini na sita, ni fundi cherehani pale Mwanga sokoni, na mtu akiburuza ndara nyuma yangu bado najiweka sawa kitini. Jina lake analo, lakini mji mzima unamwita Maalim na mimi nitamwita hivyohivyo. Ninachotaka kukieleza ni jinsi mtu niliyempenda alivyolifunga darasa langu, na kilichofuata, maana jambo lenyewe halijanitoka rohoni. Nikibaki peke yangu na cherehani naanza kugombana naye kwa sauti, mpaka jirani wa kibanda cha pili anauliza kama nina mteja.

Alikuwa na kawaida moja ambayo kila aliyepita mikononi mwake anaikumbuka. Ukiingia darasani kwa pupa, bila salamu, hakukemea wala kupiga. Alisema tu, "Toka. Uingie upya." Unatoka, unasimama kizingitini, unavuta pumzi, unatoa salamu, unangoja uitikiwe, ndipo unaingia. Siku moja alimfanyia hivyo afisa wa manispaa aliyekuja kukagua vyoo. Yule bwana, tai shingoni na faili kwapani, alitoka akaingia upya. Tulicheka mpaka tukakosa pumzi, na Maalim akatuacha tucheke.

Mtu aliyemsikia akihutubia angedhani ni mkali kuliko alivyokuwa. Alipinga maulidi, alipinga dufu, alisema hayo yote ni mambo ya kuongezwa katika dini. Lakini akitawadha, akidhani yuko peke yake, alivumisha puani ile mipigo ya dufu ya utotoni mwake, na kichwa kikimfuata. Pilau ya maulidi ikiletwa nyumbani kwake na majirani, aliipinga kwanza, kisha akaila. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama mmoja wa Kiha, Mkristo, anayekausha dagaa mwaloni. Walibishana dini kwa miaka thelathini kupitia ua, yeye akimpa mawese, mama akimpa sombe, kisamvu cha kwao. "Leka, Maalim," mama yule alizoea kumwambia wakishafika pabaya, yaani acha, tuyaache. Naye aliyaacha, mpaka kesho yake.

Kitu alichokipenda kuliko kahawa ni redio. Ilikuwa ndogo, imefungwa kwa mpira wa baiskeli ili betri zisidondoke, na aliibeba sikioni akitembea, akisaka idhaa za Kiswahili za ng'ambo. Kwa miaka mingi ndoto yake ilikuwa moja tu. Alitaka watu wa dini washike serikali mahali fulani, popote, ili dunia ione uongozi wa haki unafananaje. Wezi wataacha, mahakimu hawatakula rushwa, yatima atakula. Aliyasema haya kwa namna ambayo hata mimi, mwenye maswali mengi, nilikuwa natamani iwe kweli.

Siku wenye vilemba walipoingia Kabul alitoka Ujiji kwa miguu, jua la saa saba, mpaka kibandani kwangu Mwanga. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Wameingia ikulu, mwanangu! Wale wengine wamekimbia wenyewe!"

Nilimpa maji. Hakukaa. Alizunguka kati ya vitenge vilivyotundikwa akieleza yatakayofanyika: kwanza usalama, halafu mahakama, halafu shule. Nilifurahi kumwona amefurahi namna ile, sitaficha.

Baadaye redio ikasema wasichana wakubwa wasirudi shuleni. Nilimuuliza.

"Kwa muda," alisema. "Wanaweka utaratibu."

Mwaka uliofuata nikamuuliza tena. "Nchi imepigana miaka arobaini, unataka wamalize yote leo? Kwa muda tu." Miaka miwili baadaye ikasemwa kwamba hata wale waliokuwa wanajifunza ukunga wamezuiwa. Mara ile sikumuuliza kama ninavyowauliza wengine. Nilimuuliza kama mwanafunzi wake: "Maalim, mwanaume haruhusiwi kumtibu mwanamke kwao, na mwanamke haruhusiwi kusomea kutibu. Mgonjwa aende wapi?" Ndara zilisimama. Akasema atalitazama suala hilo. Tangu hapo niligundua kwamba habari za Kabul zikianza anageuza stesheni. Na wengine walipoingia Damascus, mwishoni mwa mwaka huo, hakuja Mwanga kwa miguu. Nilipita kwake nikamkuta anatembea uani. "Tutawaona na hawa," alisema, basi.

Kulikuwa na kisa kimoja alichonisimulia mara moja tu maishani. Ujanani alisomea nchi ya kaskazini, wakati watu wa dini wamekwisha kushika serikali huko. Karibu na chuo alikaa mama muuza chai, na Maalim alikuwa mteja wake wa kila asubuhi. Siku moja walikuja askari wa maadili, wakavunja vigoda vyake na kumwaga birika, kwa kuwa anakaa na wanaume barabarani. Maalim alikuwa na glasi mkononi.

"Ulifanya nini?" nilimuuliza.

"Niliiweka glasi chini, nikaenda darasani. Niliona ni kosa la wale askari tu, serikali haijui."

"Na sasa unaonaje?"

Alinitazama, akasema mvua inakuja, aanue nguo. Hakukuwa na wingu lolote ziwani.

Nayaeleza haya ili ijulikane kwamba hakuwa mjinga wa mambo. Ndicho kinachoniudhi mpaka leo.

Msikiti wetu uliongozwa na kamati ya wazee waliozeeka nayo. Paa lilivuja, bomba lilikauka, viatu viliibwa kila Ijumaa, na jeneza lilikuwa na mguu mmoja wa kuungwa kwa kamba. Kukawa na kundi la vijana wa harakati, waliosoma, wenye kauli na haraka. Walimpenda Maalim kwa kuwa maneno yao yalikuwa yake; amewasomesha karibu wote. Baada ya Ijumaa moja kukawa na mkutano, mikono ikanyooshwa, wazee wakaondoka na tasbihi zao, vijana wakashika kamati. Wakamfanya Maalim mwenyekiti. Aliyekuwa akiitafuta serikali ya watu wa dini redioni akajikuta anayo, ya ukubwa wa kiwanja kimoja Ujiji.

Nitasema haki. Walianza vizuri. Katibu wao, kijana mrefu wa kutoka Katubuka, alizibua vyoo kwa mikono yake mwenyewe huku kanzu imefungwa kiunoni. Bomba likatoa maji. Viatu vikaacha kuibwa. Maiti ikifika saa tatu, adhuhuri imekwisha kuzikwa, jeneza jipya, bila mabishano. Watu wa mitaa mingine walituonea wivu, na Maalim alitembea mtaani kidevu juu. Aliniambia, "Umeona? Ilikuwa inahitaji watu tu."

Kisha zikaanza kuja karatasi mlangoni pa msikiti. Dufu marufuku kiwanjani. Matanga yaishe siku ya tatu, arobaini isifanywe. Pazia la wanawake lishushwe zaidi. Na karatasi ya nne ilikuwa yangu.

Mimi nilikuwa na darasa la wasichana katika chumba cha nyuma cha msikiti, siku tatu kwa wiki baada ya alasiri. Nilifunga kibanda Mwanga mapema ili niwahi darasa. Tulisoma Kurani, tukasoma twahara na swala, na wakubwa niliwafundisha kuosha maiti ya mwanamke na kumkafini. Kwa kazi hiyo nilishona mdoli wa nguo wa urefu wa mtu mzima, nikamjaza mabaki ya vitenge, na wasichana walimwosha, wakamgeuza, wakamvika sanda, wakamlaza vizuri. Mwanzoni waliogopa, baadaye wakambatiza Shangazi. Kazi hii sikuianzisha mimi. Nilifundishwa na mke wa Maalim, Mama Maalim, mwosha maiti wa mitaa yetu kwa miaka yote ninayoikumbuka, katika chumba hichohicho, na Maalim mwenyewe ndiye aliyempa ufunguo.

Karatasi ilisema darasa la wasichana limesimamishwa, kwa muda, mpaka utaratibu ukamilike. Sahihi: mwenyekiti.

Nilimfuata kwake siku ileile. Mama Maalim alikuwa anachambua mchele, akainua macho, akayashusha. Alikuwa ameshagombana naye, nilijua.

"Maalim, nimekosea nini?"

"Hujakosea chochote. Mlango wa chumba unapakana na njia ya wavulana. Tutajenga ukuta, muwe na njia yenu. Ukuta ukiisha mnarudi."

"Na kama hauishi?"

"Kwa muda tu, mwanangu."

Ukuta ulianza kweli. Matofali yalishushwa, mistari mitatu ikapanda, ukafika magotini. Halafu likaja la paa, halafu la vipaza sauti, halafu mafundi wakahitajika kwingine. Masika ikapita, majani yakaota kati ya matofali, mbuzi wa mtaa wakawa wanauruka. Kila nilipouliza, katibu alinijibu kwa adabu: "Ukhti, vuta subira, lipo kwenye ratiba." Sikuwahi kuiona ratiba hiyo. Chumba kilikuwa kimefungwa na Shangazi wangu yumo ndani.

Miaka miwili. Wasichana walitawanyika, wengine wakaolewa, wengine wakaenda kukausha dagaa na mama zao. Wawili hawakukubali, Zawadi na Mwajuma. Walianza kuja nyumbani kwangu, jikoni. Nyumba yangu inatazamana na msikiti, kwa hiyo walipitia mlango wa nyuma, ule ninaotolea majivu. Niliwafundisha kwa mto mrefu niliouzungushia kanga. Sikuona fahari hata kidogo. Niliona aibu kuwaingiza watoto wa watu kama wezi ili wasome jambo la wajibu.

Asubuhi moja, saa mbili, kabla sijaenda Mwanga, mlango wangu wa mbele uligongwa. Maalim alikuwa amesimama. Amesimama kabisa, ndara kimya, na kabla hajasema nilijua.

"Mama yenu ametangulia," alisema. "Njoo umwoshe."

Nililia palepale mlangoni, naye akaningoja. Kisha nikamwambia, "Peke yangu siwezi, Maalim. Nahitaji wawili wanaojua. Yule bibi mzee aliyekuwa akisaidiana naye kuosha alishahamia Kagunga kwa mwanawe. Mpaka boti imlete ni kesho."

"Wanawake wamejaa nyumbani."

"Wamejaa, na wana mapenzi. Wanaojua hatua ni wangapi?"

Aligeuka akatazama upande wa nyumbani kwake.

"Chukua unaowataka," alisema hatimaye.

"Ninaowataka uliwafungia mlango."

Nilimwambia hivyo mtu aliyefiwa saa mbili asubuhi. Nikikumbuka naona haya, lakini ningeulizwa tena leo ningesema vilevile. Aliinamisha kichwa. "Wachukue," alisema.

Tuliingia watatu, mimi na Zawadi na Mwajuma, tukafunga mlango. Waliifanya kazi bila kutetemeka. Mwajuma alimimina maji kwa mkono mwepesi, Zawadi akamgeuza Mama Maalim kwa heshima kama anamgeuza mtu aliyelala. Mjukuu wao, Nuru, wa miaka kumi na miwili, aliyelelewa na bibi yake, alibaki nje ya mlango. Tulimsikia akiuliza kila mara, "Niwasaidie nini? Niambieni niwasaidie nini." Hakujua lolote. Alipokuwa na miaka kumi, umri wa kuanza darasa langu, darasa lilifungwa. Mwishowe nilimfungulia, nikampa kafuri aishike. Aliishika kwa mikono miwili mpaka tukamaliza. Adhuhuri Mama Maalim alizikwa, kwa wakati, jeneza jipya.

Hitima ya arobaini haikufanywa, kama karatasi ilivyoagiza. Lakini siku ya arobaini nilipika wali na samaki wa migebuka kwa nazi, chakula kingi kuliko ninavyokula, na alasiri Maalim akapita "kunijulia hali". Sikumwambia kwa nini nimepika. Hakuuliza. Alikula akitembea na sahani mkononi, kati ya kabati na dirisha, na nikaona kanzu imemlegea mabegani.

"Wale mabinti wawili," alisema, "walisomea wapi?"

"Hapa. Jikoni."

"Wanapitia wapi?"

"Mlango wa majivu."

Alimeza tonge. "Nikifungua chumba, vijana wataniondoa. Wakiniondoa, atakayekuja hatakuwa na haya ya kuandika 'kwa muda'. Ataandika basi. Mimi ndiye ninayewashika, mwanangu."

"Wewe ndiye unayewashika, au wao ndio wanaokushika?"

Nilitegemea atanikaripia. Alienda dirishani akautazama msikiti, na ule ukuta wake wa magotini, ambapo mbuzi alikuwa amelala. "Nilitaka kuwaonyesha watu," alisema. "Maji yanatoka. Hakuna wizi. Nilidhani hayo yakikaa sawa, mengine yatajipanga yenyewe." Kisha akageuka. "Jumamosi nitamtuma Nuru kwako. Anataka kujifunza. Hasemi jingine tangu bibi yake afe. Atapita mlango wa nyuma."

"Hapana, Maalim."

"Hapana nini?"

"Watoto wa watu wamepita kwenye majivu miaka miwili kwa karatasi yako. Wa mwenyekiti asipite hapo. Akija, aje kwa mlango wa mbele, mchana, kila mtu anaona. Vinginevyo simsomeshi."

Sikuwahi kumkatalia kitu kabla ya siku hiyo. Aliweka sahani chini, wali haujaisha, akaondoka. Ndara zilikwenda haraka, na nilijua nimempoteza. Ijumaa nzima sikushona hata kanzu moja ikanyooka. Nilikuwa nafumua, nashona, nafumua.

Jumamosi baada ya alasiri Zawadi na Mwajuma waliingia jikoni kwa njia yao. Mimi nilisimama dirishani kwa kujidanganya kwamba napanga pazia. Watu walikuwa wanatoka msikitini. Vijana wa kamati walikaa kwenye ule ukuta, maana kwa kukalia unafaa sana, katibu katikati yao.

Maalim alitokea kona ya mtaa akiwa amemshika Nuru mkono. Alitembea polepole. Sijawahi kumwona akitembea polepole namna ile, yeye ambaye kahawa ilimshinda kuketi nayo. Alipita mbele ya ukuta na kumsalimia kila kijana kwa jina lake, mmoja mmoja, na kila mmoja alilazimika kuitikia, maana ndiye aliyewafundisha salamu. Katibu alisimama.

"Maalim, unaelekea wapi na binti?"

"Nampeleka darasani," alisema, kwa sauti ya mimbarini.

Alivuka barabara, akasimama kizingitini kwangu, akatoa salamu, akangoja. Niliitikia. Wakaingia. Akawaona wale wawili kwenye mkeka wa jikoni, majivu yamewashika pindo za mabaibui.

"Mmeingilia wapi nyie?"

"Nyuma, Maalim," Zawadi alisema.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi nyuma yake, na kule ng'ambo vijana wote walikuwa wamegeuka kututazama. Tangu siku hiyo kamati imeitisha kikao cha Ijumaa ijayo, na mji mzima unajua ajenda ni kumwondoa yeye. Yeye alijua kabla yetu sote. Aliwanyooshea mkono kuelekea mlango huo.

"Tokeni," alisema. "Muingie upya."